Ishirini na Tano Novemba: Ngomano na Abercorn

Zipo tarehe ambazo historia imezitwika zaidi ya mzigo mmoja. Tarehe 3 Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yalikuwa yakishuka pwani ya Tanga, na siku iyo hiyo kikosi chao kingine kilikuwa kikishambulia Longido, kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro. Kote kuwili walirudishwa nyuma. Tanga imeandikiwa vitabu vingi. Longido hutajwa kwa nadra. Lakini katika vita vile virefu vya 1914 hadi 1918 hapana tarehe iliyokutanisha mambo kwa namna ya ajabu kama 25 Novemba. Siku hiyo, mwaka 1917, jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliuvuka mto Ruvuma akawapiga Wareno mahali paitwapo Ngomano. Mwaka mmoja baadaye, siku iyo hiyo, aliweka silaha chini Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, katika Zambia, jirani kabisa na Ufipa.

Ufipa ina sababu yake ya kuitazama tarehe hiyo kwa karibu. Msafiri aondokaye Chanji, katika mji wa Sumbawanga, akashika njia ya kusini hata Matai, hufika mahali njia zinapoachana: moja yateremka Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, nyingine yaelekea Kasesya na kuvuka mpaka kwenda Mbala. Kasanga ndiyo iliyoitwa Bismarckburg zamani za Wajerumani, na hapo palikuwa na boma lao. Waingereza walilitwaa tarehe 8 Juni 1916, walinzi wake wakiwa wamekwisha kutoroka usiku kwa njia ya ziwa. Hivyo Ufipa ilikuwa imekaa chini ya bendera mpya kwa zaidi ya miaka miwili, vita vilipozunguka Msumbiji na kurudi kuja kumalizikia mlangoni pake.

Pigano la Ngomano halifahamiki vema bila kulitazama tumbo la jeshi lililopigana. Baada ya umwagaji mkubwa wa damu huko Mahiwa, mwezi wa Oktoba 1917, Wajerumani walibaki na risasi chache, dawa chache na chakula kidogo kuliko vyote. Von Lettow aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, akachagua Wazungu wapatao 300 na askari Waafrika wapatao 1,700, pamoja na wapagazi wao, akashika njia ya mtoni. Kapteni Tafel, aliyekuwa akija na kikosi kingine ili waungane, hakumkuta. Njaa ilimlazimisha kusalimu amri siku tatu baada ya Ngomano. Wareno nao walikuwa wamepiga kambi pale Lugenda inapoingia Ruvuma, chini ya Meja João Teixeira Pinto, mtu aliyepata jina kwa kuwatiisha wenyeji wa Guinea ya Kireno miaka michache kabla. Aliuawa siku hiyo, na kituo chake kikaanguka. Washindi walipata bunduki, dawa, nguo, na risasi zipatazo 250,000. Jeshi lililovuka mto likiwa karibu kuishiwa liliondoka likiwa na nguvu za mwaka mzima.

Hapo ndipo sifa ya jemadari asiyeshindwa ilipookolewa. Mwezi wa Machi 1919 alipokelewa Berlin kwa gwaride, na wengi wameirudia sifa hiyo pasipo kuipima. Ukweli ni kwamba aliivuka Ruvuma kwa kuwa nchi aliyotumwa kuilinda ilikuwa imekwisha kumtoka mkononi, nayo haikuweza tena kumlisha. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamekwisha kuzikomba ghala za wenyeji. Wagogo waliiita Mtunya ile njaa iliyofuata, na msiba wake uliendelea hata baada ya bunduki kunyamaza.

Katika Novemba 1918 jeshi lile, likiwa limerudi kutoka Msumbiji kwa njia ya Songea, liliingia Rhodesia ya Kaskazini likafika Kasama. Vita vya Ulaya vilikoma tarehe 11. Habari zilimfikia von Lettow tarehe 14, karibu na mto Chambeshi, akaagizwa apande kaskazini hadi Abercorn. Ikawa jeshi latembea siku kadhaa na silaha zake mabegani, ndani ya nchi ya adui, wala hapana anayepigana nalo. Tarehe 25 lilijipanga mbele ya Brigedia Jenerali Edwards na kukabidhi silaha.

Orodha ya vitu vilivyokabidhiwa yafaa isomwe polepole. Mzinga ulikuwa mmoja, wa Kireno. Bunduki za rashasha zilikuwa 37, na katika hizo 30 zilikuwa za Kiingereza. Bunduki za kawaida zilikuwa 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Kwa maneno mengine, mengi ya yale yaliyowekwa chini siku ile yalikuwa mali ya watu walioyapoteza, na hazina hiyo ya kuteka ilikuwa imeanza kujazwa Ngomano mwaka mmoja kamili kabla. Tarehe mbili hizi, basi, ni mwanzo na mwisho wa safari moja.

Nani aliyeibeba hazina hiyo mwaka mzima? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na magari yalihitaji barabara. Palibaki kichwa na bega la mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 50 au 60. Mtu akibeba nafaka ya ratili 50, naye akala ratili 2 kila siku, kwa siku 25 amekwisha kuula mzigo wake wote. Na ikiwa hana budi kurudi, asiende zaidi ya siku 12, wala mwisho wa njia hana cha kumpa askari. Kwa hesabu hii kila bunduki ilihitaji kundi la watu nyuma yake, na kila kundi lilihitaji kundi jingine. Upande wa Waingereza peke yake vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vilizidi 95,000, nao aghalabu waliuawa na kuhara, homa na njaa, si risasi. Katika Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tenga-tenga. Dar es Salaam jina la jeshi lao limebaki katika Kariakoo, ambako leo watu hununua nyanya na vitambaa bila kukumbuka asili yake.

Pale Abercorn, pamoja na askari zaidi ya 1,100, walikuwapo wapagazi zaidi ya 1,500, na wanawake na watoto waliofuatana na jeshi. Waliteremshwa Kasanga, wakapakiwa vyomboni kwenda Kigoma, kisha kwa gari la moshi hadi Tabora, ambako askari waliwekwa kambini. Homa kali ya mafua, iliyokuwa ikiizunguka dunia mwaka huo, iliwaua wengi waliokuwa wamepona miaka minne ya risasi. Kwao vita havikukoma tarehe 11, wala 14, wala 25.

Kumbukumbu za mawe na shaba zina lugha yake. Karibu na daraja la Chambeshi ulijengwa mnara mwaka 1953, kukumbusha habari zilipomfikia jemadari. Sanamu ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sanamu ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina askari mmoja peke yake, bunduki mkononi; mpagazi hakupewa nafasi juu ya nguzo yake, ingawa soko lenye jina lake li karibu.

Von Lettow alikuwa ameomba pale Abercorn askari wake walipwe mishahara yao iliyolimbikizwa, akakataliwa. Alifariki mwezi wa Machi 1964, na mwaka huo serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kulipa deni hilo. Husimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wasiokuwa na hati walipewa fimbo ya ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe namna ya kushika bunduki, na kwamba hapana aliyekosea. Malipo yale yalikuwa ya askari.