Nahodha wa Angani: Sinema za Miaka ya Sabini na Kiswahili cha Nakivale

Yapo maswali ambayo wanafunzi wetu wa Nakivale huuliza na ambayo vitabu vya kiada havina jawabu lake. Anayeendesha chombo cha angani, je, ni rubani au ni nahodha? Swali hili halikuzaliwa darasani. Limetoka katika vibanda vya video, na historia yake ni ndefu kuliko idhaniwavyo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya kujitawala, Wamarekani kwa ushirikiano na Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vya eksirei viliwasaidia wataalamu kuichunguza Cygnus X-1, ambayo baadaye ilikubaliwa kuwa ni shimo jeusi. Watunzi wa hadithi walikuwa wamekwisha kutuazima neno hilo hilo: Uhura, afisa wa mawasiliano katika Star Trek, iliyoanza katika televisheni mwaka 1966 na kufanywa sinema mwaka 1979, jina lake ni uhuru uliobadilishwa irabu ya mwisho tu.

Lakini wakazi wa Mbarara walikuwa na mengine ya kutazama. Septemba 1972 wapiganaji waliotoka Tanzania waliushambulia mji wakashindwa. Kabla ya mwaka kwisha, Waasia, waliomiliki majumba mengi ya sinema nchini, walikuwa wamefukuzwa. Star Wars ilitoka Mei 1977. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Kiswahili nacho kilibeba lawama. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini raia wengi walikizoea kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka vinywani mwa askari wenye bunduki. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda hukutana na jeraha hilo hadi leo, hasa kwa wazazi.

Picha hizo ziliwafikia wengi baadaye, kwa kaseti za video, na hapana budi apatikane mtu wa kuzieleza. Dar es Salaam walimsikiliza Lufufu. Uganda wapo wafasiri waitwao maviijei, ambao wengi wao hutumia Kiganda. Nakivale, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda zaidi ya miaka sitini iliyopita, sasa yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na lugha ya kukutania ni Kiswahili, ambacho hapa hakikuletwa na bunduki. Humo ndimo tulimosikia vijana wakimwita mkuu wa merikebu ya nyota "nahodha". Hawakukosea. Chombo kilikuwa jahazi kabla hakijapaa, na rubani naye aliongoza vyombo majini kabla hajapewa ndege. Wote wawili ni mabaharia.

Kati ya sinema za wakati ule, Silent Running ya mwaka 1972 ndiyo tunayoiona kuwa na uzito zaidi kwa darasa letu: dunia haina tena miti, na mtu mmoja anaitunza misitu ya mwisho angani. Ndugu yake wa Kiafrika ni Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Humo watu wamejifungia ndani baada ya vita vya maji, na hata jasho husafishwa linywewe. Asha aona mbegu imechipua, aomba kibali cha kutoka ili akaipande, anyimwa, ndipo anapotoroka.

Tuliwaonyesha wanafunzi filamu hii tukitarajia mazungumzo juu ya mashine. Wao walibishana juu ya kibali: nani ana haki ya kukitoa, na je, mwenye kunyimwa afanye nini? Mkongo mmoja na Mrundi mmoja hawakukubaliana hata kengele ilipolia. Insha zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko tulivyoagiza.