Sahani Ikae Kidakani

Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu ipo nyumba ya mawe ya karne ya 18 ambayo sasa ni makumbusho ya nyumba ya Waswahili. Kuitembelea kunataka utaratibu wa kale: mgeni aingie kama walivyoingia wageni wa zamani.

Huanzia dakani, penye mabaraza ya mawe kando ya mlango. Wanaume wasio jamaa waliishia hapo. Kinachofuata ni kiwanda, uwanja ulio wazi juu, kisha misana, vyumba virefu vyembamba vilivyopangana. Wembamba huo umetokana na boriti za mikoko zinazobeba dari; haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi.

Baada ya misana ni chumba kiitwacho ndani, na hapo ndipo wageni wengi husimama kimya. Ukuta umejaa zidaka zilizochongwa kwenye chokaa, mahali pa bakuli na sahani za kaure zilizokuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi, nyingine kutoka China. Sahani hiyo hiyo ukiikuta kwenye kabati la kioo jijini Nairobi, utasoma umri wake na basi. Kidakani unaelewa zaidi: mtu wa dakani hakuwahi kuiona. Ilikuwa fahari ya wa ndani. Karibu na chumba hicho cha ndani ni nyumba ya kati, chumba walimozaliwa watoto na walimooshewa maiti. Chooni, ndani ya birika, waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu; jiko nalo lilikuwa juu kabisa, moshi usiwasumbue wenyeji.

Jambo moja lisiachwe katika maelezo. Nyumba hizi zilikuwa za waungwana, na kazi zake nyingi zilifanywa na watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907. Watu hao hawakuacha kaure wala kiti cha enzi, kile kiti cha heshima cha waungwana, kwa hiyo anayetembeza wageni ndiye atakayewataja. Akinyamaza, nusu ya nyumba imefichwa.

UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini milango ya nakshi na viti vya enzi vingi vilikwisha kuuzwa na kupelekwa mbali. Wewe uliyerithi kitu cha namna hiyo, usimpe dalali. Wapelekee makumbusho wakiandike, wakueleze namna ya kukitunza.