Fantomu ya ekografi: Mwili wa bandia unaompa mkunga nafasi ya kukosea

Mama mjamzito wa mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, anapoandikiwa ekografi, hulala kitandani, hupakwa jeli baridi tumboni, kisha hungoja. Anayeshika mashine aweza kuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka 10. Aweza pia kuwa yumo katika wiki yake ya kwanza. Mama hana njia ya kujua, ilhali yapo mambo ambayo jicho lisilozoea huyapita: kondo la nyuma lililoziba njia ya uzazi, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, au pacha aliyejificha nyuma ya mwenzake.

Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kila mjamzito apate walau kipimo kimoja cha aina hiyo kabla ya wiki ya 24. Pendekezo hilo linahitaji mashine, lakini zaidi linahitaji mikono iliyofunzwa. Na mikono hiyo isijifunzie juu ya wagonjwa peke yao, ndipo inapoingia fantomu.

Mashine haijui inapita wapi

Fantomu ni donge la nyenzo laini, pengine lenye ukubwa wa tofali, pengine lenye umbo la tumbo, lililotengenezwa ili sauti ipite ndani yake kama inavyopita katika nyama ya mwili. Msomaji anayejua Kifaransa asishtuke: ni neno lile lile linalomaanisha mzuka.

Mashine ya ekografi hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, husubiri mwangwi urudi, kisha hukadiria umbali kwa muda uliopita. Lakini haijui mawimbi yamepita katika nini. Imepangwa iamini kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde, ambao ni wastani wa tishu laini za mwili. Katika mafuta sauti hupungua hadi mita 1,450 hivi. Katika maji ya nyuzi joto 20, ni takriban 1,480. Hivyo uzi uliotegwa sentimita 10 ndani ya beseni la maji utaonekana kwenye skrini kana kwamba uko sentimita 10.4. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayepima kichwa cha mtoto ili kukadiria umri wa mimba.

Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Fantomu ya kweli lazima iwe na mwendo sahihi wa sauti, idhoofishe mawimbi kwa kiwango cha mwili, yaani karibu desibeli 0.5 kwa kila sentimita na kila megahezi, na itoe chengachenga za kijivu zinazofanana na zile za ini.

Mwaka 1978, Ernest Madsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza mchanganyiko wa jelatini na unga wa grafiti uliotimiza masharti hayo. Baadaye Ulaya ilitumia agar, utomvu mgumu unaotokana na mwani: maji asilimia 83 hivi, gliserini asilimia 11, agar asilimia 3, na salio ni unga laini wa madini na dawa ya kuzuia kuoza. Gliserini ndiyo inayoharakisha sauti kutoka kasi ya maji hadi kasi ya mwili.

Joto la Bujumbura

Kwa Cibitoke, uchaguzi kati ya jelatini na agar si jambo dogo. Jiji liko kando ya Ziwa Tanganyika, na mchana joto hukaribia nyuzi 30, kiwango ambacho jelatini ya kawaida huanza kulegea. Umeme ukikatika na jokofu likazima, somo la kesho limekuwa uji. Agar huyeyuka karibu na nyuzi 85. Tena jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, jambo ambalo Waislamu wengi wangependa kuliuliza kabla ya kuligusa. Agar haina utata huo.

Fantomu za viwandani hugharimu hadi maelfu ya dola. Walimu wengi, hata katika nchi tajiri, hujipikia: jelatini au agar katika maji ya moto, unga laini wa mahindi ili kuleta chengachenga, glavu iliyojazwa maji badala ya uvimbe wa majimaji, mpira mwembamba badala ya mshipa. Maji huonekana meusi, na nyuma yake hung'aa. Mwanafunzi akishaliona hilo mara 20, hulitambua upesi katika mwili wa mtu. Akichoma sindano pasipostahili, hakuna anayevuja damu.

Donge hilo hilo huipima mashine. Mashine ya msaada iliyosafiri kwa meli na lori yaweza kuwaka vizuri huku sehemu ya kichwa chake cha kupimia imekufa. Juu ya fantomu, ufa huo hujitokeza kama mchirizi mweusi usiohama. Juu ya tumbo la mama, mchirizi huo waweza kudhaniwa kuwa kivuli cha mfupa.

Hata hivyo, fantomu haipumui, wala mtoto hageuki ndani yake. Vituo kama taasisi ya Ernest Cook iliyoko Mengo, Kampala, huwafundisha wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na huko pia hakuna donge linaloondoa haja ya msimamizi kando ya kitanda.

Utunzaji wake ni rahisi ila wahitaji nidhamu. Agar hukauka, na inapokauka mwendo wa sauti hubadilika. Hufunikwa isipitishe hewa, hupimwa uzito mara kwa mara, na ikipungua kwa kiasi cha kutia shaka, hutupwa na kupikwa nyingine.