Urithi wa mzazi mmoja

Urithi wa mzazi mmoja ni kanuni ya uandishi wa programu kwa vitu, ambapo klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu, hurithi sifa na mbinu za klasi moja tu iliyo juu yake. Klasi Basi ikirithi klasi Gari, hupata mbinu ya kuwasha injini bila kuandikiwa upya. Katika lugha ya Java, kila ukoo huishia kwa klasi moja, Object.

Wazo la kurithi lilianzia Simula 67, lugha ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei. Lugha ya C++ iliruhusu wazazi wengi, na hapo kikazuka kizungumkuti: wazazi wawili wametoka kwa babu mmoja, kila mmoja amebadilisha mbinu ileile kivyake; mtoto afuate ya nani? Hilo huitwa tatizo la almasi, kwa umbo la mchoro wake. Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, ilikataza mzazi wa pili, ingawa klasi yaweza kutimiza violesura vingi, yaani orodha za mbinu zilizotajwa tu bila maelekezo yake. Ukali huo ulilegea kidogo: tangu Java 8 ya mwaka 2014, kiolesura nacho chaweza kubeba mbinu zenye maelekezo kamili, na zikigongana mwandishi wa programu hulazimika kuamua mwenyewe.