Sauti Zilizotunzwa: Historia ya Kanda na CD za Kwaya Yetu

Historia ya kwaya husimuliwa kwa majina ya walimu na viongozi. Katika jubilei hii tumeonelea tuisimulie pia kupitia kanda na CD zetu. Baadhi ya wenzetu wamelala katika Bwana, na humo ndimo tunamoendelea kuwasikia. Nyimbo zetu nyingi za Kiduruma hazimo katika kitabu chochote. Zikifutika humo, zimepotea.

Kuweka akiba si jambo geni Taru. Kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, misafara ilivuka nyika hii ikitegemea maji ya mvua yaliyobaki kwenye ngurunga, yale mashimo ya miambani. Wazee wetu nao waliweka mahindi ya mbegu uchagani, juu ya meko, ili moshi ufukuze wadudu.

Kampuni ya Philips ilitoa kanda ya kaseti mwaka 1963, na CD zikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Kwetu Kenya kwaya nyingi ziliendelea kurekodi kanda hadi miaka ya 1990, kisha CD na VCD zikashika nafasi. Tulipoalikwa harusini au mikutanoni, Samburu, Mariakani, Kinango hata Ukunda, tulibadilishana CD na wenyeji wetu. Ndivyo zilivyofika mamia.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini CD huharibika. Hapa kwetu maadui ni jua, vumbi na mchwa. Kabati la mbao ni ghali, na mchwa hulila. Tulichagua masanduku ya bati, kama yale wanafunzi wa bweni wanayobeba, ambayo fundi wa jua kali huyatengeneza kwa bei nafuu. Tuliyainua juu ya matofali, kando ya ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Ndani CD zimesimama wima kama vitabu, kila moja na nambari yake. Daftari moja linaonyesha nambari, jina la kwaya, mwaka na waimbaji. Ambazo makasha yake yamevunjika tumezitia katika mifuko yake ya plastiki, si ya karatasi, maana karatasi ni chakula cha mchwa.

Vijana wetu wamejifunza kutoandika juu ya CD kwa kalamu ngumu. Tabaka lenye sauti liko chini kidogo tu ya upande wa maandishi, na mkwaruzo wa huko hautengenezeki. Tunafuta vumbi kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. CD zilizochomwa kwa kompyuta ndizo dhaifu zaidi, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi inayoshika sauti. Hizo tunazinakili kwanza kwenye flashi mbili, na kila flashi inakaa nyumba yake.

Faida ya kutunza imeonekana hapa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis. Zikahifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Miaka zaidi ya 60 baada ya kurekodiwa, nakala zilirudishwa kwa jamii iliyoziimba. Zisingepewa mahali pa kukaa, kusingekuwa na cha kurudisha.

Kwa hiyo tunawaomba: mwenye kanda au CD yetu ya zamani nyumbani, hata kama haichezi vizuri, amletee katibu wa kwaya tuinakili, kisha atarudishiwa yake. Na mwenye redio ya kaseti inayofanya kazi asiitupe. Bila hiyo kanda zetu ni bubu, na wanaojua kuzitengeneza wanapungua kila mwaka.