Miaka ya seng'enge: Jinsi Marekani ilivyowazuilia raia wake wa asili ya Japani

KILA ifikapo Februari 19, Wamarekani wenye asili ya Japani huadhimisha Siku ya Kumbukumbu. Ni tarehe ambayo, mwaka wa 1942, Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini Amri Nambari 9066, wiki kumi na ushei baada ya ndege za Japani kuishambulia Pearl Harbor.

Amri yenyewe haikuwataja Wajapani popote. Iliwapa makamanda wa jeshi mamlaka ya kutenga maeneo ya kijeshi na kumwondoa humo mtu yeyote waliyetaka. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu mlengwa. Takriban watu 120,000 katika majimbo ya pwani ya magharibi waling'olewa makwao, na thuluthi mbili yao walikuwa raia kamili waliozaliwa Marekani. Wazazi wao hawakuwa raia kwa kuwa sheria iliwakataza kuomba uraia. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka wa 1952.

Wa kwanza kuhamishwa walikuwa watu 227 wa kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, hapo Machi 30, 1942. Walikuwa wamepewa notisi ya siku sita. Kila familia ilipewa nambari, na kila mtu akaruhusiwa kuchukua tu alichoweza kubeba. Mashamba, maduka na mashua za uvuvi viliuzwa kwa bei ya kutupa. Wengi walipelekwa kwanza katika viwanja vya maonyesho na vya mbio za farasi. Huko Santa Anita na Tanforan, California, familia nyingi zililazwa katika mazizi ya farasi.

Baadaye walisafirishwa hadi kambi kumi zilizojengwa jangwani na kwenye vinamasi, tangu Manzanar na Tule Lake huko California hadi Rohwer na Jerome huko Arkansas. Mabweni yalikuwa ya mbao na karatasi za lami, yamezungushiwa seng'enge na kulindwa na askari wenye bunduki. Familia nzima ilipewa chumba kimoja. Chakula kililiwa katika ukumbi wa pamoja, na punde watoto wakawa wanakula na marafiki zao badala ya wazazi. Serikali iliviita vituo vya uhamisho.

Hoja ya usalama inapwaya mtu anapotazama Hawaii, visiwa vilivyoshambuliwa. Huko watu wa asili ya Japani walikuwa zaidi ya thuluthi moja ya wakazi, lakini ni sehemu ndogo mno yao waliozuiliwa, kwani uchumi ungeanguka bila jasho lao.

Mwaka wa 1943 mahabusu waliokuwa watu wazima walitakiwa kujaza fomu ya uaminifu. Swali la 27 liliwauliza vijana wa kiume kama wangekubali kupigania Marekani. La 28 liliwataka wote wakane utiifu wowote kwa mfalme wa Japani. Kwa mzee aliyenyimwa uraia wa Marekani, kukubali kulimaanisha kubaki bila nchi. Kijana mzaliwa wa Marekani naye alitakiwa kukana utiifu ambao hakuwahi kuwa nao. Wengi waliojibu 'la' walihamishiwa Tule Lake. Waliojibu 'ndiyo' walitoa maelfu ya wanajeshi wa Kikosi cha 442, waliopigana Italia na Ufaransa huku baadhi ya wazazi wao wakiwa bado kizuizini.

Fred Korematsu, mzaliwa wa Oakland, alikataa kuondoka, akakamatwa na kushtakiwa. Desemba 18, 1944, Mahakama ya Juu ilidumisha hukumu ya kumtia hatiani kwa kura sita dhidi ya tatu. Serikali ilikuwa imeshikilia kwamba vita havikutoa muda wa kuwachuja waaminifu na wasaliti.

Vita vilipokwisha, wazazi wengi walinyamaza. Waliovunja kimya hicho ni vijana, wengi wao wakiwa watoto wa waliozuiliwa, waliofunga safari hadi Manzanar katika baridi ya Desemba 1969 pamoja na wazee wachache. Bamba la kumbukumbu lilipowekwa hapo mwaka wa 1973 likiwa na maneno 'kambi ya mateso', ugomvi ulizuka na bamba likakwaruzwa.

Mtu aliyebadili mkondo wa mambo zaidi hakuwa wakili wala mwanasiasa. Aiko Herzig-Yoshinaga alikuwa binti wa miaka 17 alipopelekwa Manzanar, akiwa karibu kumaliza shule. Katika utu uzima wake alishinda siku nyingi katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Washington, akipekua mafaili. Mwaka wa 1982 alikutana na nakala ya ripoti ya awali ya Jenerali John DeWitt, aliyesimamia uhamisho huo. Nakala nyingine zilikuwa zimeteketezwa kwa amri. Humo jenerali alikiri kwamba tatizo halikuwa muda. Aliamini watu wa asili hiyo hawangeweza kuchujwa hata muda ungekuwepo. Toleo lililochapishwa lilikuwa limerekebishwa ili liseme kinyume.

Nyaraka hizo, na nyingine alizozifichua mwanahistoria wa sheria Peter Irons, ziliwarudisha mawakili mahakamani. Hukumu ya Korematsu ilifutwa Novemba 1983. Mwaka huohuo tume ya bunge ilieleza kuwa chanzo cha yote kilikuwa ubaguzi wa rangi, taharuki ya vita na udhaifu wa viongozi. Agosti 10, 1988, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya kuomba radhi na kumlipa kila manusura dola 20,000. Waliolipwa walikuwa 82,219. Kwa maelfu ya wazee waliokwisha kufa, fidia ilichelewa mno.

Wengine waliachwa nje. Watu wapatao 2,200 wa asili ya Japani walichukuliwa kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, wengi wao Peru, wakazuiliwa Marekani. Walipata maafikiano ya dola 5,000 mwaka wa 1998.

Mnamo 2018 Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba uamuzi wa Korematsu ulikuwa kosa kubwa. Aliyaandika hayo katika hukumu iliyoidhinisha marufuku ya Rais Donald Trump dhidi ya wasafiri wa mataifa kadhaa, Somalia ikiwemo.