HISTORIA YA KOMPYUTA YETU YA KUPAKATA



Katika kitabu hiki wenzangu wameandika habari za hisa, mikopo na sanduku letu la funguo tatu. Mimi Mwenyekiti nimepewa kuandika habari za kompyuta, na najua wapo watakaocheka, maana ni mimi niliyekosea ile ya kwanza.

Mnaikumbuka ile Jumamosi ya mwaka 2018. Biashara yetu ya kukodisha viti na maturubai ilikuwa imekua, lakini maombi yote tuliandika kwenye kaunta buku. Siku ile turubai moja liliahidiwa harusini, na hilo hilo likaahidiwa msibani. Msiba haungoji. Tulilipeleka msibani, bwana harusi akadai advansi yake mbele za watu, na mweka hazina wetu akaitwa mwizi. Hakuwa mwizi, ukurasa ulikuwa umechanika tu. Alilia, na miezi miwili hakuja kikaoni. Ndipo tukakubaliana tutafute kompyuta mpakato.

Jina hilo linatokana na kupakata, kama unavyompakata mtoto. Lakini mtoto huyu hakuzaliwa mdogo. Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka 1981 kwa dola 1,795, ilisifiwa kuwa ya kubebeka, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5, na haina betri. Ukiipakata hiyo magoti yanaisha! Mwaka 1985, mwaka mmoja tangu nimalize darasa la saba, Toshiba ya Japani ikatoa T1100, ya kilo 4 hivi na yenye betri. Sisi huku tulikuwa mbali na mambo hayo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Marufuku ililegezwa baadaye.

Habari ya bei nafuu ndiyo inayotuhusu. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Ilipotengenezwa ikakaribia dola 200, na majirani zetu Rwanda walizichukua kwa wingi. Mwaka 2007 Asus ya Taiwan ikatoa Eee PC, kioo inchi 7, uzito chini ya kilo 1, na nafasi ya kutunzia kazi gigabaiti 4 tu. Watu waliigombania. Kumbe bei ilishuka kwa kupunguza vilivyomo ndani, na tangu hapo vidogo vya namna hiyo havijaisha madukani.

Hapo ndipo niliponaswa. Mwaka 2019 nilinunua mpya, nyepesi, inang'aa, kwa Sh 620,000, katika duka moja mjini. Ilikuwa na gigabaiti 32 za kutunzia kazi, na nyingi zilikwisha kuliwa na Windows yenyewe. Haikumaliza miezi mitano ikawa inasema imejaa, nasi tumeandika viti tu! Fundi alipoifungua akanionyesha kumbukumbu imelehemewa kwenye bodi. Akasema, "Mama, hapa hakuna cha kuongeza." Nilirudi nyumbani sina la kuwaambia.

Mwaka 2022 tulipanda basi kwenda Kariakoo watu watatu, mimi, katibu na fundi. Safari hii tulitaka mtumba, iliyotumika maofisini Ulaya. Muuza duka alituchoka. Fundi aligeuza kila moja kuangalia skrubu, akafungua kuona kama kumbukumbu inatoka na kuongezwa. Katibu alibonyeza herufi zote moja moja. Mimi nilichomoa waya wa umeme, nikakaa na soda yangu saa nzima kuangalia betri. Tatu zilizimika kabla sijamaliza chupa. Ya nne ilidumu, ina gigabaiti 256, tukailipa Sh 480,000. Ni nzito kidogo, lakini inapakatika.

Tangu hapo hatujagonganisha harusi na msiba, na mweka hazina wetu yuleyule ndiye anayeisomea kikao hesabu. Kaunta buku bado tunaiandika, maana umeme mnaujua.

Sasa kuna jambo jipya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Yetu ni ya Intel kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda mbele. Wapo wanaosema tununue mpya. Wapo wanaosema tuweke Linux, ambayo ni ya bure, tuendelee na hii hii. Mimi nasema mtumba tena, wa kizazi cha nane, na tuufungue kabla ya kulipa. Suala liko kwenye ajenda ya kikao cha mwezi ujao. Fundi ameahidi kuja na bisibisi.